UZI: Kasigau, mlima uliosimama peke yake (nimerudi jana, magoti si yangu)

MwanaKuze

Assalam aleikum wenyewe. Niliahidi nikirudi nitaandika, basi naandika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Miaka kumi na kitu nimekuwa nikipanda basi la Nairobi, na kila tukifika Mackinnon Road, watu wakishamaliza kusoma fatiha pale kwenye kaburi la Sayyid Baghali, macho yangu hukimbilia dirisha la kushoto. Kuna mlima huko umesimama peke yake katikati ya nyika kama abiria aliyeachwa na gari la mwisho. Hauna ndugu kulia, hauna ndugu kushoto. Ukiuliza ndani ya basi, mmoja atakwambia ni Sagalla. Mwingine atakwambia ni Kilimanjaro, tena kwa kiapo. Wa tatu amelala.

Ni Kasigau. Kilele chake kiko mita 1,641 kutoka usawa wa bahari, na nyika inayouzunguka iko kwenye mita 600 hivi, kwa hiyo unachokiona pale ni kama kilomita nzima ya mwamba na msitu inayochomoka ardhini bila kupiga hodi. Miguuni pake kuna vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe, vimeuzunguka kama watoto waliokaa sinia moja.

Tulikwenda watatu. Mimi, shemeji yangu, na rafiki yake wa Mikindani aliyebeba kamera mbili na kuvaa viatu vya kuchezea mpira. Tukapanda matatu ya Voi. Kondakta akasema wa Maungu hulipa nauli ya Voi, tukalipa. Kisha akatusahau, tukashushwa mbele huko, tukarudi kwa miguu na mizigo mgongoni, jua la saa sita likituchoma utosini. Gari silitaji, Mungu analijua.

Maungu mnaijua wote: malori yamepangana, chai ya maziwa, nyama inachomwa tangu asubuhi. Pale ndipo unaiacha lami. Tukachukua bodaboda, shilingi mia tano kila kichwa baada ya kubishana sana, tukakata nyika. Kila ukikaribia, mlima hauji. Unaenda nusu saa, uko vilevile. Halafu ghafla unainua uso, hauna tena mbingu upande ule.

Bungule yenyewe ni ndogo. Nyumba za mabati, skuli, maduka mawili matatu, mbuzi wasiomjua mgeni, na vibanda vya kulala wageni vinavyoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Ukitaka kukiona kilele kutoka uani unalaza shingo nyuma kama mtu anayemezeshwa dawa. Jioni jua lilipopungua ukali, ule mwamba ukageuka rangi ya mkate wa sinia uliotoka jikoni sasa hivi. Hatukusema kitu, hata shemeji, na mnaomjua shemeji mnajua hilo si jambo dogo.

Inaendelea. Naenda kukanda magoti.

Kachumbari_Moto

Maneno mengi. Picha ziko wapi?

Dereva_Nyika

Hiyo njia ya Maungu kuingia Rukanga naijua, nimepeleka simenti sana. Zaidi ya kilomita 30 za udongo mwekundu. Kiangazi unakula vumbi, masika unakula tope, na gari ikikwama hakuna wa kuja kukusukuma ila Mungu na Wasomali wa ngamia.

Anayepanga kwenda na gari lake asikilize hili. Upande ule wote ni ranchi zilizo katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu hana habari na mipaka yenu, huvuka akitaka. Ukimkuta barabarani, usipige honi, usimulike taa, usishuke kupiga picha. Zima injini usubiri. Mimi niliwahi kusubiri dakika arubaini na mzigo wa mabati, mwenye mabati ananipigia simu ananiuliza kama nimelala.

Zuhura_Mtopanga

Mie nauliza la maana. Mwanamke akenda huko peke yake na watoto wawili, salama? Na choo ni cha aina gani?

MwanaKuze

@Zuhura_Mtopanga salama kabisa, tuliwakuta dada wawili wa Nairobi wamelala siku tatu. Choo ni cha shimo, kisafi, maji unapewa kwa ndoo. Hiyo ndoo ikumbuke, nitairudia.

@Kachumbari_Moto picha zinakuja. Subiri.

Basi, kupanda. Msindikizaji wetu alikuwa kijana wa palepale, jina silitaji kwa kuwa sikumuomba ruhusa. Alitufuata saa kumi na moja na nusu alfajiri, amevaa kandambili. Nikamtazama rafiki wa Mikindani na viatu vyake vya njumu, nikasema leo tutaona.

Mwanzo ni nyika tu. Migunga, mibuyu, mawe, jasho. Njia inapanda wima, unashika mzizi unajivuta. Kandokando ya njia linapita bomba jeusi la plastiki, limelazwa juu ya mawe, kwingine limefukiwa kidogo. Kila tukifika palipo na kiungio, msindikizaji huinama, hupitisha kidole chini ya bomba, kisha hukitazama kidole. Halafu twaendelea. Mara ya kwanza nilidhani anatafuta nyoka. Mara ya tatu nikamuuliza. Akasema, "Natazama kama lalia." Yaani kama linavuja. Hakuna aliyemtuma, halipwi kwa hilo. Kila anayepanda hutazama.

Baada ya mwendo wa saa mbili hivi hali ya hewa ikabadilika kama umefungua mlango wa friji. Miti ikawa mirefu, imefungamana, na imeota manyoya ya kijani kibichi mwili mzima. Ukiyaminya yanatoa maji kama sponji. Okidi zimening'inia kwenye matawi. Nilipumzika chini ya mti mmoja wa majani mapana nikatazama jani moja tu. Tone linajikusanya kwenye ncha, linanenepa, linaning'inia, linaanguka. Nikahesabu hadi tisa, likaja jingine. Na mvua haikuwa ikinyesha! Chini kule tumeacha vumbi linapaa.

Saa nne na ushei tukafika juu.

Sasa @Kachumbari_Moto, picha. Msindikizaji alisema siku ya uwazi unaiona Kilimanjaro upande mmoja na milima ya Pare ya Tanzania karibu nayo. Mimi niliuona mkono wangu. Weupe mtupu. Tumesimama ndani ya wingu. Rafiki wa Mikindani alikaa juu ya jiwe na kamera zake mbili kama mtu aliyefiwa. Picha arubaini na mbili, zote nyeupe, ya arubaini na tatu ni shemeji anakula ndizi. Hiyo naiweka hapa, ndiyo pekee aliyonipa kwa sasa.

Nikamuuliza kijana, huu ukungu unatoka wapi na huku chini ni jangwa? Akanijibu, "Kwenu."

Kwetu wapi?

"Baharini. Ni kusi hii."

Kachumbari_Moto

Umepanda mlima saa tano kwenda kupiga picha ya karatasi 😂😂😂

Nahodha_Likoni

Huyo kijana asema kweli na wala hajavua samaki hata siku moja. Kusi yaanza kushika kuanzia mwezi wa nne, wa tano, ikaza mpaka wa nane huko. Yatoka kusini mashariki, yaja na maji ya bahari ndani yake. Sisi hapa twaijua kwa mawimbi na kwa ngarawa kulala pwani, vijana wakaa Mama Ngina kula mihogo, kazi hakuna. Lakini upepo haufi ukifika Likoni. Wapita juu ya Kwale, wapita Taru, na Taru ni tambarare, hapana kitu cha kuuzuia, basi wapita na maji yake. Ukikuta ukuta wa kilomita moja umesimama njiani, hauna budi kupanda. Na hewa ikipanda yapoa, ikipoa yatoa jasho. Ndiyo hayo matone uliyohesabu.

Ukitaka kuiona Kilimanjaro nenda wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza, wa pili. Ungeniuliza kabla ya kununua ndizi.

Mzee_wa_Rabai

Wanangu, nimesoma yote. Niongeze dogo kwa kuwa linatuhusu sisi wa Rabai.

Mwezi wa Oktoba 1847, Johannes Rebmann, yule mmisionari Mjerumani aliyekaa hapa kwetu pamoja na Krapf, alitoka Rabai kwa miguu na wachukuzi wachache akaenda mpaka kwenye mlima aliouandika Kadiaro. Ndio huo Kasigau wenu. Ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza kuingia bara. Mwaka uliofuata akapita Taita akasonga mbele, na tarehe 11 Mei 1848 akaona theluji juu ya Kilimanjaro, wakubwa wa Ulaya wakamcheka miaka mingi wakisema theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Watu hukumbuka Kilimanjaro peke yake. Lakini aliyepita nyika ya Taru kwa miguu wakati ule hakuwa anatafuta mandhari. Alitafuta kisima kinachofuata. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka hapa Mombasa nayo ilikuwa hivyohivyo, ikipima safari kwa maji.

Vijana wakifika Rabai wapite pale makumbusho, karibu na kanisa. Hakuna foleni.

MwanaKuze

Shikamoo mzee, ahsante. Hilo la Oktoba 1847 sikulijua, na Rabai ni nusu saa kutoka kwangu. Aibu yangu.

Mwekezaji_Nyali

Nimepita nikasoma, na mimi naona mnalia badala ya kufikiri. Hapo kuna dhahabu. Mlima wa kilomita moja, saa tatu kutoka baharini, katikati ya Tsavo mbili! Wekeni gari la kamba mpaka kileleni, daraja la kioo, hoteli ya vyumba themanini chini na bwawa la kuogelea linaloangalia mwamba. Watalii wa Diani wanalala bichi siku tano, ya sita na ya saba wako Kasigau. Vijana wa huko wapate kazi. Nani atapinga?

Shani_wa_Kisauni

Mimi sipingi. Kijiji kizuri kuliko vyote, watu wake bado wanabeba ndoo. Uzuri hauliwi.

Mkasighau_Mjini

Nimekuwa msomaji tu humu tangu mwaka juzi. Leo nimelazimika kufungua mdomo. Mimi ni wa Bungule, nafanya kazi Changamwe, nina miaka hamsini na minane. Kwanza jina: kwetu ni Kasighau, hiyo gh itoke kooni. Na lugha yetu ni Kikasighau, ndugu wa Kidawida, yaani Kitaita, cha Wundanyi. Wasaghala nao, tunaochanganywa nao kila siku, lugha yao ni nyingine kabisa.

Sasa @Mwekezaji_Nyali, tuhesabu pamoja bila hasira. Bwawa la hoteli, tuseme dogo tu, lita laki moja. Hizo ni mitungi 5,000 ya lita ishirini. Maji yote ya Bungule yanatoka kwenye huo msitu wenye ukungu alioueleza MwanaKuze, yanateremka kwa lile bomba jeusi, yanagawanywa kwenye mifereji ya kijiji. Hakuna mto. Hakuna kisima cha maana, ukichimba nyikani unapata chumvi. Wakati wa ukame tunapanga mitungi usiku, kila mtungi una alama ya mwenyewe, wa kwetu ulikuwa na kitambaa chekundu. Mama alikuwa akiniamsha saa tisa nikasogeze mtungi. Halafu hilo gari la kamba lako, nguzo zake utazisimamisha wapi kama si ndani ya huo msitu? Msitu ule ukiukata, kusi itapita hapo juu na maji yake kama inavyopita Taru, na sisi vijiji vitano tutahamia kwako Nyali.

Wageni tunawataka. Tuna vibanda, tuna wasindikizaji, mgeni akilala kwetu pesa inabaki kwetu. Lakini mgeni wetu anaoga kwa ndoo.

MwanaKuze

Ndiyo ile ndoo niliyosema nitairudia. Asubuhi ya kuondoka nilioga nikamaliza yote, nikatoka kuomba nyingine. Mama wa pale akanipa, wala hakusema neno. Nilipopita uani nikaona mtungi wake umebaki robo. Mpaka leo nasikia haya.

Shani_wa_Kisauni

Na pesa za kaboni je? Tulisikia Kasigau inauza hewa kwa wazungu. Si wangechimba visima vitano?

Mkasighau_Mjini

Swali zuri, na watu wengi wanalichanganya. Mradi wa Kasigau Corridor unahusu zaidi ule msitu mkavu wa nyikani, kwenye ranchi, si msitu wa juu ya mlima. Ulianza kupata hati za hewa ukaa mwaka 2011, ukiwa miongoni mwa miradi ya kwanza kabisa duniani ya aina hiyo. Maana yake ni kwamba unalipwa kwa miti ambayo haikukatwa kuchomwa makaa. Pesa zimesomesha watoto, mpwa wangu mmoja karo yake ya sekondari ilitoka huko, na mambo ya maji pia yamesaidiwa. Zinatosha? Nenda uwaulize wenyewe, utapata majibu matano vijiji vitano. Lakini kisima hakichimbwi kwa pesa peke yake, kinahitaji maji yawepo chini.

Dereva_Nyika

Kuhusu ndovu na mashamba: kule Sagalla watu wameweka uzio wa mizinga ya nyuki. Ndovu anaogopa nyuki kama mimi ninavyomuogopa mwenye mabati. Akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, yeye anageuka. Asali unauza. Nimeionja, ni nzito.

Bi_Mkubwa_Majengo

Nyie mwazungumza ndovu na visima, mie nimeona nyuma ya hiyo picha ya ndizi kuna kikapu. Mwanangu MwanaKuze, kile kikapu cha nani?

MwanaKuze

😂 Bi Mkubwa macho yako hayazeeki. Ni cha mama wa pale tulipolala. Anasuka mwenyewe, kwa katani. Niliketi naye jioni nikamtazama. Anachukua nyuzi mbili, anaziweka juu ya paja, anazisokota kwa kiganja kwenda mbele, kisha anavuta nyuma mara moja, zinashikana zinakuwa kamba moja. Paja lile sehemu ile limelainika mpaka linang'aa. Rangi nyingine anachemsha magome mwenyewe, nyingine ananunua. Kikapu kimoja mwezi mzima, kwa kuwa anasuka akimaliza shamba, akimaliza kuni, akimaliza maji. Nilinunua kimoja kwa ajili ya mama.

Bi_Mkubwa_Majengo

Mwezi mzima! Na huku sokoni tunapunguziwa bei kama mchicha wa jioni. Haya, niulizie kama atanisukia chenye mfuniko.

Zuhura_Mtopanga

Kuna mtu alisema kuna mapango. Ya kweli au ya kuvutia wageni?

Mkasighau_Mjini

Ya kweli. Karibu na Bungule kuna mapango chini ya miamba, midomo yake imezibwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo. Wazee waliingia humo na ng'ombe wao wakivamiwa. Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya, amefanya uchimbaji huko, na kazi yake imeonyesha jinsi biashara ya watumwa na wizi wa mifugo ulivyowasukuma watu kupanda juu na kujificha. Sasa fikirini: pembe na watu walioshuka mpaka bandari hii yetu ya Mombasa, wengine walitoka upande wetu. Kwa hiyo mkiambiwa mlima wetu ni mandhari, sisi kwetu ulikuwa kufuli.

Na mara moja kufuli likafunguliwa. Mwaka 1915, vita vya kwanza, Wajerumani walikuwa upande wa pili wa mpaka, nchi ambayo leo ni Tanzania. Walitaka kuilipua reli ya kutoka Mombasa. Kati ya mpaka na reli ni nyika kavu, askari hawezi kuivuka bila maji. Maji yako wapi? Kasighau. Waingereza wakawatuhumu watu wetu kwamba waliwaonyesha Wajerumani njia. Wakawakusanya, vijiji vyote, wazee na watoto wachanga, wakawapeleka Malindi. Watu wa mlima, wasiojua joto la pwani wala malaria yake. Wengi walifia huko. Nyumba zikachomwa. Na mwishoni mwa mwaka uleule Wajerumani wakaja wakaushika mlima, mtupu.

Watu hawakurudi mlimani mpaka miaka ya 1930. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa huko Malindi. Alikuwa akisema aliyajua majina ya mawe ya Kasighau kabla hajayaona, kwa sababu mamake alimtajia kila usiku, moja moja, kama mtu anayehesabu mbuzi. Alipofika, msichana mkubwa, akawa anatembea anayagusa: wewe ni fulani, wewe ni fulani. Moja lilikuwa limeanguka. Alilia kwa hilo moja.

Mwekezaji_Nyali

Hilo la 1915 sikulijua kabisa. Nilisoma historia mpaka kidato cha nne na sikulisikia popote.

Lakini bado nasema vijana wanahitaji kazi. Sijafuta. Bwawa nimefuta.

Mkasighau_Mjini

Tumefika pazuri. Njoo tuzungumze ya bila bwawa.

Chokora_wa_Mwembe

Halafu sisi watu wa Mombasa tunajifanya tunawahurumia na maji yetu wenyewe yatoka kwao. Bomba la maji la chemchemi za Mzima liko tangu miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, lapita mlangoni kwa watu wa Taita Taveta likija kwetu. Na bado mimi hapa Tudor nanunua mtungi kwa mkokoteni. Mwaniambia nini?

Nahodha_Likoni

Kwani umesahau? Kusi ndiyo yawapelekea na wao. Tunabadilishana.

Chokora_wa_Mwembe

Nahodha, wewe wa kusi hujawahi kunilipia mtungi hata mmoja.

Zuhura_Mtopanga

Basi mie nataka kwenda mwezi wa kwanza, skuli hazijachangamka. Nani anakuja? Nina nafasi mbili garini. Nawaomba watu wasiobeba viatu vya njumu.

Dereva_Nyika

Gari lako aina gani?

Zuhura_Mtopanga

Vitz.

Dereva_Nyika

Dada, liache Maungu.

Mkasighau_Mjini

Mkija nipigieni ndani, nitawaunganisha na watu wa vibanda. Leteni vyakula vyenu vya kuongezea, kule mtakula ugali, kuku, pojo, na mkibahatika kimanga. Kimanga ni muhogo na maharagwe vinapondwa pamoja, mzito, ukila asubuhi huna habari na mchana. Na leteni sweta. Mwaniona mtu wa Changamwe, mwadhani nawatania. Juu kule mtatetemeka.

Kachumbari_Moto

Bado nasubiri picha.

MwanaKuze

Rafiki wa Mikindani ameshaacha kununa, amenitumia. Tulipokuwa tunateremka wingu lilipasuka dakika kama tatu hivi, tukaona nyika yote chini, bapa, ya rangi ya kahawia mpaka macho yanapochoka, na barabara ya Maungu kama uzi mwekundu uliodondoka. Hiyo hakuiwahi, lenzi ilikuwa na ukungu, alikuwa anaifuta na fulana.

Aliyoiwahi ni moja, tulipofika kijijini. Mfereji wa pale njia panda, saa tisa mchana, jua kali, na hakuna mtu. Mitungi kumi na mmoja imejipanga peke yake kwa mstari, kila mmoja na alama yake, na nyuma yake huo mwamba umejaa fremu nzima mpaka juu, kichwa kimeingia winguni.

Naiweka hapa. Wa tatu kutoka kushoto una kitambaa chekundu.

Mkasighau_Mjini

Huo ni wetu. Sasa hivi nampigia dadangu, ameuacha juani utapasuka.